Charlot na Mtoto Wake

Filamu nyingi ni kama mgeni wa njiani: anapita, anasalimu, anakwenda zake, na kesho hukumbuki tena uso wake. Ukiambiwa uitazame mara ya pili, unachoka, kwa kuwa umekwisha kujua nani ataoa na nani atakufa. Lakini ziko chache zilizo kama rafiki wa nyumbani. Kila akija ana neno jipya, ijapokuwa ni mtu yule yule mwenye koti lile lile. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza habari ya filamu moja ya namna hiyo. Jina lake ni The Kid, maana yake Mtoto; sisi tuliosoma Kifaransa twaijua kwa jina la Le Kid. Aliyeitunga, aliyeiongoza, na aliyecheza mahali pa kwanza ndani yake ni mtu mmoja, Charlie Chaplin, ambaye huku kwetu, kama kwa Wafaransa na Wabelgiji, aitwa Charlot.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1921, mjini New York. Ni filamu bubu, haina rangi, na toleo linaloonekana mara nyingi siku hizi halifikii hata saa moja. Ndugu mmoja aliniuliza: «Mwalimu, mtu mwenye akili atatazamaje kitu cha zaidi ya miaka 100, tena kisichosema?» Nilimjibu kwamba kwa sababu haisemi, hakuna anayehitaji mkalimani. Mzee asiyejua kusoma na mtoto wa darasa la kwanza huketi mbele yake wakiwa sawa na profesa. Tena inachekesha na kuliza kwa pamoja, wala huwezi kusema kicheko kinakoma wapi na chozi linaanza wapi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwanamke maskini, aliyeachwa na mwanamume aliyemzalisha, anatoka katika hospitali ya maskini na mtoto mchanga mikononi. Hana pa kwenda. Anaona gari zuri limesimama mbele ya nyumba ya tajiri; anamweka mtoto ndani yake pamoja na karatasi ya kumwomba atakayemwona ampende na kumtunza. Kisha anajuta, anarudi mbio, lakini gari limekwisha kuibwa. Wezi nao, wanapogundua kwamba wamebeba mtoto, wanamwacha katika uchochoro karibu na mapipa ya takataka. Ndipo anapopita Charlot, mtu asiye na mali, katika matembezi yake ya asubuhi. Anamwokota, anamlea miaka 5, watu wa serikali wanataka kumnyang'anya, na mwishoni mama, ambaye sasa amekuwa mwigizaji mwenye sifa na mali, anampata mwanawe. Basi, hiyo ndiyo habari yote. Mwaweza kuihadithia katika muda wa kuchemsha chai. Hata hivyo nimeitazama mara nyingi, na kila mara nilikuta mtu mwingine amekaa katikati ya picha.

Mara ya kwanza nilikuwa na umri wa miaka 8 hivi. Padri alitundika shuka nyeupe katika ukumbi wa parokia, mashine ya umeme ikivuma nje, nasi watoto tukajaa chini kama dagaa juani. Siku ile sikumwona mtu ila mtoto mwenyewe. Jinsi tulivyocheka! Mtoto anatangulia mtaani, anarusha mawe na kuvunja vioo vya madirisha ya watu. Nyuma yake, kana kwamba ni bahati tu, anatokea Charlot amebeba vioo vipya mgongoni, fundi tayari kwa kazi. Mtoto anainua mkono ili arushe tena, mkono unagusa kitu nyuma, anageuka: kumbe ni polisi! Tulicheka mpaka Padri akatuonya tusiende nyumbani kujaribu ufundi huo. Nakumbuka pia chapati. Asubuhi mtoto ndiye anayepika, baba yu kitandani, na blanketi lake lina tundu kubwa. Mtoto anapomwita mezani, anapitisha kichwa katika tundu lile, na blanketi linageuka kuwa joho la bwana mkubwa. Kisha anazihesabu chapati na kuzigawa sawasawa, hata ile ya mwisho inakatwa vipande viwili. Watoto wa familia kubwa tulielewa neno hilo bila maelezo.

Mara ya pili nilikuwa katika seminari ndogo. Mwalimu wetu wa fasihi alituonyesha filamu hiyo hiyo, akatuambia: «Msitazame uso, tazameni mikono.» Niliitii amri yake, nami nikaona filamu nyingine kabisa.

Tazameni Charlot anapomwona mtoto katika uchochoro. Kabla ya hapo, watu wa ghorofani wamekwisha kumwagia takataka kichwani. Sasa anaona mtoto chini, na jambo la kwanza analolifanya ni kuinua macho kutazama madirisha, kana kwamba mtoto naye ametupwa kutoka juu pamoja na maganda na majivu. Watu hucheka hapo. Lakini fikirini lile tendo linasema nini juu ya mtaa ule na juu ya watu wanaokaa humo! Halafu je, anamkumbatia mtoto kwa upendo? La, hasha. Anamwona mwanamke mwenye kigari cha mtoto, anadhani ndiye aliyemwangusha, anamtia kigarini, mwanamke anamfukuza. Anataka kumrudisha pale alipomkuta, polisi anamtazama. Anampa mzee mmoja amshikie kidogo, kisha anakimbia. Mzee naye anamtia katika kigari kile kile, na anayelaumiwa tena ni Charlot. Mwishowe anaketi ukingoni mwa barabara, mtoto mapajani. Karibu na mguu wake pana kifuniko cha mfereji wa maji machafu. Mkono wake unakiinua. Anatazama ndani. Anafikiri. Kisha mkono unakirudisha kifuniko mahali pake.

Tendo hilo halidumu ila kitambo kidogo sana, na mtoto wa miaka 8 halioni. Mtunzi angeweza kulificha, atuonyeshe mtu mwema tangu mwanzo. Hakulificha. Alituonyesha kwamba huyu si malaika. Ni mtu aliyechoka, asiye na chakula cha kesho, aliyejaribu kila njia ya kuuweka mzigo chini. Baada ya kukirudisha kifuniko ndipo anapoiona karatasi na kuisoma, ndipo anapotabasamu. Tangu siku ile naamini kwamba upendo mwingi wa kweli huanza hivyo: kwanza mtu anakataa kutenda ubaya, na utamu unakuja nyuma, baada ya siku nyingi za kulisha na kuosha. Na ndivyo filamu inavyoendelea. Hatuonyeshwi maneno mazuri. Twaonyeshwa birika la kahawa lililotundikwa kwa kamba, lenye chuchu mdomoni ili mtoto anyonye, kiti cha zamani kinachotobolewa katikati ili mtoto apate choo, na shuka linalokatwa vipande kuwa nepi. Wazee wa pwani husema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Charlot hakuzaa, lakini kazi aliifanya yote.

Mwalimu yule alitueleza pia habari za Chaplin mwenyewe, nami baadaye nilizisoma. Alizaliwa mwaka 1889, akakulia katika umaskini wa London. Baba yake alikuwa mlevi, akaiacha nyumba. Mama yake, mwimbaji, aliugua akili. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 7, Charlie aliingizwa pamoja na mama yake na ndugu yake Sydney katika nyumba ya maskini ya Lambeth, na baadaye watoto wakatengwa na mama yao na kupelekwa shule ya watoto fukara. Tena, mwezi wa Julai 1919, mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku 3 tu tangu kuzaliwa. Ni katika majira hayo hayo ya mwaka 1919 alipoanza kuitengeneza The Kid, pamoja na kijana mdogo Jackie Coogan, ambaye hakuwa bado na miaka 5. Ukijua hayo, chumba kile cha juu chenye dari ya mteremko hakikuchekeshi tena kama zamani. Mtu huyu hakuwa akibuni umaskini, alikuwa akiukumbuka.

Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, tena mwenye kitabu cha majina ya wanafunzi mezani. Kitabu hicho kina nafasi mbili: jina la baba, jina la mama. Kila mwaka nikimwandikisha mtoto asiye na jina la kuweka katika nafasi hizo, kalamu yangu husimama. Basi, safari ile aliyekaa katikati ya picha alikuwa daktari. Mtoto anaugua, daktari anaitwa, anamuuliza Charlot kama yeye ndiye baba. Maskini huyu anatoa ile karatasi ya zamani ambayo ameihifadhi miaka yote ndani ya kitabu. Ametoa ukweli, na ukweli wake unamponza. Daktari anasema kwamba mtoto yampasa apate matunzo ya kufaa, na baadaye gari la makao ya mayatima lipo mlangoni.

Tazameni vizuri mkuu wa watu wale. Hamsemeshi Charlot hata neno moja. Yuko mbele yake, katika chumba kidogo ambamo hata paka hawezi kujificha, lakini kila swali analipitisha kwa msaidizi wake, naye msaidizi anamuuliza Charlot. Twacheka, kwa kuwa ni upuzi. Lakini ni nani miongoni mwetu hajapata kusimama mbele ya meza ya mkubwa wa namna hiyo? Si mtu mwovu. Anatimiza sheria, na hana shaka kwamba mtoto atakula vizuri zaidi kule ampelekako. Ila hakuuliza ni nani anayepika chapati asubuhi.

Kisha mtoto anatupwa ndani ya gari, ananyosha mikono, analia na kuomba. Nimewaonyesha wanafunzi wangu sehemu hiyo kila mwaka, nami sijaona darasa ambalo halikunyamaza kimya. Charlot anapanda juu ya mapaa ya nyumba, anakimbia toka paa hili hadi lile, anarukia ndani ya gari, anampiga mkuu na kumtoa nje, anamkumbatia mtoto, na wote wawili wanatetemeka. Hapo hakuna mzaha hata kidogo. Halafu, mara moja, Charlot anageuka na kumtisha dereva kwa kukanyaga chini, dereva anakimbia, na kicheko kinarudi.

Machozi yale ya Jackie yana habari yake. Chaplin alisimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, kwamba kijana alikuwa mchangamfu mno, hakuweza kulia. Ndipo baba yake mzazi alipomtisha kwamba asipolia atachukuliwa na kupelekwa kweli katika nyumba ya maskini. Mtoto akalia kwelikweli. Na miaka ikapita. Jackie Coogan alipata fedha nyingi katika utoto wake, zinazokisiwa kuwa dola milioni 3 mpaka 4. Baba yake alikufa katika ajali ya gari mwaka 1935. Kijana alipofikia utu uzima na kuuliza mali yake, alikuta mama yake na baba wa kambo wameitumia karibu yote, nao wakasema ni haki yao. Mwaka 1938 akawashitaki, na mwishoni akapata kama dola 126,000 tu. Kwa sababu ya kesi hiyo jimbo la California likatunga sheria mwaka 1939, ya kuhifadhi sehemu ya mshahara wa mtoto mwigizaji mpaka akue. Watu huiita hadi leo sheria ya Coogan.

Ni ajabu ya kutisha. Katika filamu, mtu asiye na damu naye anamgawia nusu ya chapati ya mwisho. Katika maisha, damu yake mwenyewe ilimla mpaka sahani. Lakini, wasomaji, tusiharakishe kusema kwamba damu si kitu. Nami nilikuwa karibu kusema hivyo, mpaka filamu hiyo ilipoingia nyumbani mwangu.

Mimi na mke wangu tunaye kijana wa miaka 9. Hatukumzaa. Aliletwa kwetu akiwa mchanga, baada ya mama yake, jirani yetu, kufa. Baba yake alikuwa amekwenda mbali, wala habari zake hazikurudi. Tulisema tutamshika siku chache. Siku zikawa miezi, na miezi ikawa miaka. Aniita papa. Mwaka huu, mwezi wa pili, bwana mmoja alibisha hodi, mtu mpole mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa ndugu mdogo wa baba ya mtoto. Alitushukuru sana, akaweka mezani kitambaa cha mke wangu na mfuko wa maharagwe, kisha akasema: «Mwalimu, mmetutunzia. Lakini mtoto ana ukoo, na babu yake ni mzee, anataka kumwona kabla ya kufunga macho.» Mke wangu aliinuka akaenda jikoni. Nami sikuwa na jibu, kwa kuwa mtu yule hakusema uongo. Tulikubaliana kwamba likizo kuu mtoto ataenda kukaa kwa babu yake mwezi mmoja, ndipo tukutane tena wote tuzungumze.

Katika juma lile tuliitazama The Kid, sisi watatu, katika kompyuta ya shule. Na safari hii, mbele ya macho yangu, aliyekaa katikati ya picha alikuwa mama. Zamani sikumjali, nilimwona kama mtu anayeletwa ili hadithi iishe. Kumbe yuko tangu mwanzo. Chaplin alipounganisha picha yake na picha ya Kristo akibeba msalaba, hakutaka tumhukumu. Na iko sehemu moja ambayo nilikuwa nimeipita kila mara: yule mama, sasa tajiri, anakuja katika mtaa wa maskini kugawa vitu vya kuchezea. Anaketi kizingitini, amepakata mtoto mchanga wa mtu mwingine, anawaza. Nyuma yake, mlango uko wazi, na mwanawe mwenyewe amekaa pale, umbali wa mkono mmoja. Anageuka, anampa mbwa wa kuchezea na tunda, anatabasamu, anakwenda zake. Hajui. Mtoto hajui. Ni sisi tu tunaojua, na kujua huko kunauma zaidi kila mara unapoirudia. Niliwaza habari ya yule mzee kijijini, ambaye kwa miaka 9 mjukuu wake alikuwa umbali wa safari ya siku moja, naye hakujua kama yu hai.

Na karatasi je? Karatasi ile ile iliyompokonya Charlot mtoto ndiyo inayomrudishia mama mwanawe, kwa kuwa daktari anaionyesha naye anautambua mwandiko wake. Kitu kimoja, uchungu kwa huyu na uzima kwa yule. Filamu nyingine ingemfanya mmoja wao kuwa mwovu ili tujue upande wa kushangilia. Hii haifanyi hivyo.

Watu wengi husema mwisho wake si mzuri. Kwanza kuna ndoto, mtaa umejaa maua, watu wote wana mabawa, hata mbwa na polisi; zamani niliona ni upuzi mtupu, na hata leo naona ni ndefu kidogo. Charlot anaota hayo akiwa amelala kizingitini, baada ya mtoto kuibwa usiku na mtu aliyetamani zawadi ya fedha. Anaamshwa na polisi, anatiwa ndani ya gari, naye bila shaka adhani anakwenda gerezani. Gari linasimama mbele ya nyumba nzuri. Mlango unafunguliwa, mtoto anamrukia shingoni, mama anamkaribisha ndani. Mlango unafungwa, na filamu imekwisha. Hatuambiwi kama atakaa siku moja au siku zote. Hatuambiwi atakuwa nani katika nyumba ile.

Kijana wetu aliniuliza: «Papa, na jioni ile, watagawana chapati sawasawa tena?» Nilimwambia filamu haisemi. Alifikiri kidogo, akasema: «Lakini sasa ni watu watatu. Kukata ni kugumu.»

Sijui mtu aliyeeleza neno hilo vizuri kuliko yeye. Kukata ni kugumu kwelikweli. Lakini nimetambua kwamba mama yule angeweza kumtumia Charlot bahasha ya fedha na shukrani, na dunia nzima ingemsifu. Hakufanya hivyo, alimtuma mtu amtafute, akamfungulia mlango kwa mkono wake. Yeye mwenye haki ya damu hakufuta haki ya yule aliyelea. Hapo ndipo ninapoona wema wote wa filamu hii, na ndicho nitakachokiomba kwa yule mzee nitakapomfikishia mjukuu wake mwezi wa saba: asitulipe, ila mlango wake uwe wazi kwetu, kama wetu utakavyokuwa wazi kwake.

Basi, wazazi wapenzi, mkiipata filamu hiyo, itazameni pamoja na watoto wenu, wala msiwaeleze neno kabla. Waacheni wacheke juu ya vioo na polisi. Baada ya mwaka mmoja au miwili irudieni, na mwulizeni kila mmoja safari hii alimtazama nani. Kwa jibu lake mtajua amekua kiasi gani; na kwa jibu lenu wenyewe mtajua nyumba yenu imepita wapi tangu siku ile.